Saba Bila Kila Jioni: Je, Gemu Zilegezwe kwa Wasiozijua?

Yeye ni kama amezaliwa na padi mkononi. Wewe hata kitufe cha kupiga shuti hukijui. Mnacheza mechi moja, unafungwa saba, unaenda zako chumbani umenuna. Tiba ipo, na wala si talaka!

Wanaume bwana! Akikwambia "njoo tucheze gemu mpenzi", usikimbilie kudhani ni mwaliko wa mahaba. Mara nyingi ni mwaliko wa kwenda kuchinjwa. Anachagua timu kali kuliko zote, anakupa ile padi iliyolegea, anakuonyesha vitufe viwili vya harakaharaka, na kabla hujakaa sawa umeshapigwa mbili. Mechi inaisha saba bila. Yeye anacheka mpaka machozi, wewe unasema una usingizi. Kesho unakataa kucheza, na keshokutwa hata hakualiki tena. Taratibu jioni zinakuwa zake na washkaji wake, nawe unabaki na simu yako.

Na kina kaka msijione mmepona. Wapo akina dada siku hizi wanaowachapa waume zao mpaka jamaa wanasingizia padi mbovu. Maumivu ni yaleyale, jinsia tu ndiyo imebadilika.

Hapa ndipo linapokuja swali ambalo wapenzi wa gemu duniani wanagombana nalo mwaka hadi mwaka: je, gemu zitengenezwe ziwe rahisi kwa wale ambao si mafundi? Au asiyeweza akae pembeni, aangalie wenzake?

Wanaosema "asiyeweza aache"

Ugomvi huu uliwaka kwelikweli mwaka 2019, ilipotoka gemu ya Kijapani iitwayo Sekiro: Shadows Die Twice, kazi ya kampuni ya FromSoftware. Ni gemu ya mapanga, na ni ngumu balaa. Adui mmoja mkubwa anaweza kukuua mara ishirini, thelathini, na hakuna mahali pa kuchagua "nipunguzie kidogo". Ama unajifunza, ama unazima unaenda kulala.

Wapo waliolalamika kwamba wamenunua kitu wasichoweza kukimaliza. Mashabiki nao wakaja juu: msituharibie! Utamu wa gemu hii ni jasho lake. Mvumilivu hula mbivu, na asiyekubali kushindwa si mshindani. Mwisho wa mwaka huo Sekiro ikabeba tuzo ya gemu bora ya mwaka kwenye The Game Awards.

Tuwe wakweli, hoja yao ina uzito. Kuna raha ambayo huipati mpaka uwe umehangaika. Pilau ikitolewa viungo vyote kwa sababu mgeni mmoja hapendi viungo, hiyo si pilau tena. Mtunzi anayetaka kazi yake iwe ngumu ana haki hiyo, mradi mnunuzi aambiwe mapema anachokwenda kukutana nacho.

Mlima mmoja, njia mbili

Lakini subiri kwanza. Mwaka 2018 ilitoka gemu ndogo inaitwa Celeste. Ni binti, Madeline, anapanda mlima huku akipambana na wasiwasi uliomjaa moyoni. Nayo ni ngumu: unaruka, unaanguka, unakufa, unaanza tena, mamia ya mara. Tofauti ni kwamba watengenezaji waliweka sehemu ya msaada. Ukiwasha, unaweza kupunguza kasi ya gemu mpaka nusu, unaweza kupewa nguvu zisizoisha za kushikilia mwamba, hata ukitaka usife kabisa unaruhusiwa.

Je, mafundi walipoteza nini? Hakuna! Mlima wao ulibaki na ugumu uleule. Aliyetaka kuupanda bila msaada aliupanda, na aliyetaka kufika kileleni akashuhudie hadithi inaishaje naye alifika. Celeste ilipata tuzo ya gemu huru bora ya mwaka huo huo. Kumbe ugumu na wepesi vinaweza kukaa nyumba moja bila kugombana, kama kila mtu anashika kitasa cha mlango wake mwenyewe.

Tena usifikiri kila asiyeweza ni mvivu. Wapo ambao vidole haviendi mbio kwa sababu ya ugonjwa, umri au ulemavu. Kwa ajili yao kampuni ya Microsoft ilitoa mwaka 2018 padi maalumu ya Xbox yenye vitufe viwili vikubwa kama sahani, na matundu ya kuchomeka swichi nyingine unazoweza kubonyeza hata kwa mguu au kiwiko. Mwaka 2020 gemu ya The Last of Us Part II ikaja na mipangilio zaidi ya 60 ya kumsaidia mchezaji: maandishi makubwa, sauti za kumwongoza asiyeona, na mengine kibao. Mtu wa namna hiyo ukimwambia "jifunze kama wengine" unakuwa humtendei haki. Anachoomba ni mlango tu, aingie.

Huruma ya siri

Sasa turudi kwenye kochi lenu, maana huko ndiko kwenye moto. Gemu nyingine husaidia kimyakimya. Resident Evil 4 ya mwaka 2005 ilikuwa ikiona unazidiwa, inawapunguza maadui makali bila kukwambia. Ukiwa nyuma kwenye mbio za Mario Kart, unaokota silaha kali kuliko aliye mbele. Hayo ni mambo ya mashine, na mashine haikupendi wala haikuchukii.

Ila mwenzio akikuachia ushindi kwa siri, hilo ni jambo lingine. Kipa anatoka golini ovyo, mshambuliaji wake anapiga nje makusudi, halafu anakwambia "daah, umeniweza!" Ukigundua, na utagundua tu, ule ushindi unageuka tusi. Ni kama umeambiwa wewe ni mtoto. Na mtu akishakudanganya kwenye kitu kidogo kama gemu, utaanza kujiuliza na makubwa.

Dawa yake ni kuliweka jambo wazi kabla mpira haujaanza. Hakuna aibu hapo. Kwenye gofu mchezaji dhaifu anahesabiwa nafuu yake, na kila mtu anaijua. Kwenye sataranji, tangu zamani bingwa akicheza na mwanafunzi huweza kuanza akiwa amepungukiwa kipande. Ngumi nazo zina uzito wake, hakuna anayempandisha ulingoni mtu wa kilo 50 akapambane na wa kilo 100. Nafuu inayojulikana ni heshima. Ya kificho ndiyo dharau.

Mfanyeje nyumbani?

Kaeni timu moja kwanza. Kwenye gemu ya mpira ya kampuni ya EA (ile iliyoitwa FIFA mpaka mwaka 2023 ilipogeuka EA Sports FC), mnaweza kucheza wawili upande mmoja dhidi ya kompyuta. Anzeni levo ya chini kabisa, mpandishe mkizoea.

Fundi achukue timu dhaifu. Mgeni apewe yenye nyota tano, fundi akahangaike na ya daraja la chini. Tena mnaweza kupunguza kasi ya mechi kwenye mipangilio, mwenzio apate muda wa kufikiri.

Mgeni ndiye aamue msaada uondolewe lini. Mario Kart 8 Deluxe ya mwaka 2017 ina msaada wa usukani unaomzuia mgeni asitoke nje ya barabara. Siku akijisikia, atauzima mwenyewe. Raha iliyoje!

Usimnyang'anye padi. Akikosea, mwambie kwa mdomo. Ukimpokonya "nikuonyeshe", somo limeishia hapo.

Jaribuni gemu isiyochezwa na mtu mmoja. It Takes Two, iliyotengenezwa Sweden na kutoka mwaka 2021, inahusu mke na mume waliofikia kuachana, wakageuzwa vikaragosi. Kila mmoja anapewa kifaa tofauti, na bila kusaidiana hamsogei hata hatua. Akifa mmoja hurudi baada ya muda mfupi, ilimradi mwenzake yu hai. Nayo ilibeba tuzo ya gemu bora ya mwaka, kwa hiyo asikwambie mtu kwamba gemu inayowabeba wasiojua ni ya kitoto.

Kwa hiyo jibu letu ni hili: gemu zisilegezwe kwa lazima, ila wepesi uwepo kwa anayeutaka, na awashe mwenyewe. Fundi hapungukiwi chochote mwenzake akipewa nafuu. Anachopata ni mtu wa kukaa naye.

Basi muulize fundi wako leo, kwa upole tu, bila kununa: unataka kushinda, au unataka mtu wa kucheza naye? Akichagua la pili, mwambie aichaji na ile padi nyingine.