JINSI NDOA INAVYOVUNJWA KWA SHERIA

Watu wengi wa Kithimani, na wa vijiji vilivyo kando ya mfereji wa Yatta, hudhani ya kuwa ndoa imekwisha siku ile mke anapofunga mizigo yake na kurudi kwa baba yake. Wengine husema imekwisha siku mbuzi waliporudishwa. Wengine tena wanayo barua iliyoandikwa mbele ya chifu, yenye sahihi mbili na mhuri, nao wameiweka sandukuni wakiamini kwamba ndiyo hati ya talaka. Yafaa ifahamike tangu mwanzo kwamba hakuna hata jambo moja katika hayo matatu livunjalo ndoa mbele ya sheria ya Kenya. Ndoa huvunjwa na mahakama. Hata watu wakikaa mbalimbali miaka ishirini, bila amri ya mahakama wao bado ni mume na mke.

Labda msomaji atauliza: kuna dhara gani, ikiwa wote wawili wameridhika kuachana? Dhara lipo, na mara nyingi huonekana wakati umekwisha pita. Tumfikirie mke aliyeolewa kwa desturi, akalima mishiri na nyanya pamoja na mumewe miaka kumi na miwili katika shamba linywalo maji ya mfereji. Fedha za mazao zikanunua ploti karibu na soko, nayo ikaandikwa jina la mume peke yake. Wakagombana, mke akaondoka na nguo zake tu. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inampa haki ya kudai sehemu yake, lakini mali hiyo hugawanywa ndoa inapovunjwa kwa sheria. Mke aliyeondoka tu, akanyamaza, hajaufikia mlango huo. Mume naye asijidhani yu huru. Kama ndoa yake ilifungwa kanisani au kwa msajili wa serikali, akioa mwingine kabla ya talaka amefanya kosa la jinai, ambalo adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka mitano. Na akifa kabla ya mambo kutengenezwa, mke yule wa kwanza ataweza kufika kudai urithi kama mjane, maana kutengana si talaka.

Desturi ya Wakamba haikuwa ya ovyo katika jambo hili. Ndoa ilijulikana kwa mbuzi wa ntheo. Bila ntheo, hata watu wakizaa watoto, wazee walisema hapakuwa na ndoa. Kuvunjwa kwake pia kulikuwa na taratibu: wazee wa pande mbili waliketi, walisikiliza, walipatanisha, na waliposhindwa ndipo habari ya kurudisha mahari ilipozungumzwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 haikuwafukuza wazee hao. Inasema kwamba watu wa ndoa ya desturi waweza kupitia kwanza upatanisho wa kidesturi kabla mahakama haijakata shauri, na yule aliyeongoza upatanisho hupeleka taarifa yake mahakamani. Walakini wazee hupatanisha, hawatoi talaka. Wakishindwa kupatanisha, hakimu ndiye avunjaye.

Kabla ya mwaka 2014 palikuwa na sheria saba mbalimbali juu ya ndoa na talaka, moja ya Waafrika Wakristo, nyingine za Wahindu, nyingine za Waislamu, na kadhalika. Hata mawakili walichoka nazo. Sasa ni moja, nayo inatambua ndoa za aina tano: ya Kikristo, ya serikali, ya desturi, ya Kihindu na ya Kiislamu. Ndoa ya Kiislamu huendeshwa kwa sheria ya dini hiyo, na mashauri yake hupelekwa kwa Kadhi, hatutayaeleza hapa.

Mtu hawezi kupewa talaka kwa sababu ya kuchoka tu. Lazima awe na sababu inayokubaliwa na sheria. Sababu hizo ni uzinzi. Ukatili, uwe wa mwili au wa moyo. Kumtupa mwenzi, na katika ndoa ya Kikristo muda uliotajwa ni miaka mitatu. Upotovu mkubwa wa tabia. Na mwisho, kwamba ndoa imeharibika kabisa hata haiwezi kutengenezwa. Mwenye ndoa ya desturi aweza pia kutaja sababu yo yote halali katika desturi ya kwao. Sababu ile ya kuharibika kabisa ndiyo inayotumiwa sana siku hizi, nayo si maneno matupu: kwa ndoa ya serikali sheria inataja, kwa mfano, kutengana miaka miwili au zaidi, au mmoja kufungwa jela maisha au miaka saba na zaidi.

Basi mwenye sababu afanye nini? Kithimani kuna mahakama ya hakimu, na hakimu anayo mamlaka ya kusikiliza maombi ya talaka. Si lazima mtu asafiri mpaka Machakos mjini au Nairobi. Aliyetaka talaka huandika ombi. Humo hueleza lini na wapi walioana, kwa ndoa ya aina gani, walikaa wapi, watoto ni wangapi na umri wao, kosa ni lipi, na anaomba nini. Pamoja na ombi huweka hati ya kiapo kuthibitisha kwamba aliyoyaandika ni kweli. Cheti cha ndoa pia hutakiwa. Hapa ndipo wengi wa ndoa za desturi hukwama, maana hawakuiandikisha, ingawa uandikishaji wa ndoa hizo umewezekana tangu mwaka 2017. Asiye na cheti itambidi kwanza kuthibitisha kwamba ndoa ilikuwapo, na mashahidi wa ntheo, wangali hai, wana thamani kubwa.

Karatasi zikipokewa na ada ikalipwa, nakala hupelekwa kwa yule mwingine. Jambo hili halifanywi kwa siri wala kwa kumvizia mtu. Aliyepeleka huapa kwamba alimkabidhi mwenyewe, na kama mtu hapatikani, mahakama yaweza kuruhusu njia nyingine, kama tangazo la gazeti. Aliyeshtakiwa ana haki ya kujibu, hata kuleta madai yake mwenyewe. Asipojibu, shauri husikilizwa bila yeye, lakini mwombaji bado atasimama, ataapa, na atathibitisha. Tumesikia watu wakisema, “Nikikaa kimya hawawezi kuniacha.” Hayo ni makosa. Akaaye kimya amewaachia wengine waeleze habari zake.

Kuhusu mali, lazima ijulikane kwamba shauri la kugawanya mali kwa kawaida huletwa peke yake, si ndani ya ombi la talaka. Sheria inahesabu kazi ya nyumbani, kulea watoto na kulima shamba kuwa mchango, sawasawa na fedha. Lakini mchango ni wa kuthibitishwa. Mnamo Januari 2023 Mahakama ya Juu ilikata shauri kwamba usawa uliotajwa katika Katiba hauna maana ya kugawanya nusu kwa nusu kila mara. Kila mmoja hupata kadiri alivyochangia. Kwa hiyo risiti za mbegu, daftari za mauzo ya mishiri, na majirani waliomwona mtu akifungulia maji shambani usiku, wote ni ushahidi. Ardhi ya ukoo ina habari yake: mahakama hutazama pia desturi, ili haki ya vizazi vijavyo isipotee.

Watoto hawagawanywi kama mali, wala si wa baba kwa sababu mahari ililipwa. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inataka yatangulizwe yale yaliyo mema kwa mtoto, na wazazi wote wawili wabaki na wajibu wa kumtunza.

Asiye na fedha aweza kuomba mahakama imruhusu kushtaki kama maskini, bila ada. Tena kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016, ambayo kwayo Serikali huwasaidia wasioweza kulipa wakili. Karani wa mahakama akiulizwa ataonyesha njia. Kuuliza hakuna malipo.

Hakimu akiridhika, hutoa kwanza amri ya muda. Hiyo bado si talaka kamili, na aliyeipata asiharakishe kupanga harusi. Muda uliowekwa ukipita pasipo pingamizi, huombwa amri ya mwisho, na hapo ndipo ndoa inapokoma. Nakala ya amri hiyo yenye mhuri wa mahakama iwekwe pamoja na hati za shamba, maana siku mwenyewe atakapotaka kufunga ndoa nyingine, msajili au kasisi ataiulizia kabla ya kuandika lo lote.