Mradi wa Shule Kuhusu Vituo vya Afya: Jinsi ya Kupata Habari za Kuaminika Mtandaoni

Wanafunzi wengi wa sekondari msingi na sekondari pevu hupewa mradi wa kuchunguza hospitali, zahanati au shirika la afya: lilianza lini, nani analimiliki na linatoa huduma gani. Kwa kuwa habari nyingi ziko mtandaoni, simu ya mzazi au saiba iliyo karibu hutosha kuanza. Kazi ngumu ni kujua ukurasa upi wa kuaminiwa.

Jambo hili si la alama za darasani pekee. Mradi wa mtoto husomwa nyumbani, na mara nyingi mtoto ndiye anayewasomea wazazi na nyanya yake yaliyo kwenye simu. Akinakili habari iliyopitwa na wakati, mtu anaweza kufika hospitalini bila maandalizi yanayohitajika.

Tazama tarehe kwanza

Mfano ulio karibu ni hospitali yetu kubwa mjini Nakuru. Mtandaoni utaikuta ikiitwa Hospitali Kuu ya Mkoa wa Rift Valley, kisha Nakuru Level 5, na sasa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kaunti ya Nakuru. Wakazi wengi bado huiita PGH. Hiyo ni hospitali moja. Majina yamebadilika kwa sababu huduma za afya ziligatuliwa kwa kaunti mwaka 2013, kufuatia Katiba ya 2010. Mwanafunzi asiyetazama tarehe anaweza kuziorodhesha kama hospitali tatu.

Mfano wa pili una uzito zaidi. Kurasa nyingi bado zinaeleza jinsi ya kutibiwa kwa kadi ya NHIF. Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, na kila Mkenya anatakiwa kujisajili upya. Ukurasa wa kabla ya tarehe hiyo unafaa kwa historia tu.

Elewa viwango

Vituo vya afya nchini hupangwa kwa viwango 6. Cha 1 ni huduma zinazotolewa kijijini na wahamasishaji wa afya ya jamii. Cha 2 ni zahanati, cha 3 ni kituo cha afya, na cha 4 ni hospitali za kaunti ndogo kama Molo na Gilgil. Kiwango cha 5 ni hospitali ya rufaa ya kaunti. Cha 6 ni hospitali za rufaa za kitaifa kama Kenyatta jijini Nairobi na Moi mjini Eldoret, ambazo ziko chini ya serikali ya kitaifa. Ukijua kiwango cha kituo, utaelewa kwa nini zahanati haina chumba cha upasuaji na kwa nini mgonjwa hupewa barua ya rufaa.

Hakikisha kwenye sajili

Tovuti ya kituo huandikwa na kituo chenyewe, kwa hivyo husifu. Linganisha maelezo yake na sajili rasmi:

- Sajili Kuu ya Vituo vya Afya ya Wizara ya Afya huonyesha nambari ya kituo, mmiliki, kiwango na mahali kilipo. Unaweza kutafuta kwa kaunti na kuhesabu vituo vya wadi yako.
- Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno (KMPDC) huonyesha hospitali na madaktari wenye leseni.
- Bodi ya Dawa na Sumu husajili maduka ya dawa.
- Mamlaka ya Kusimamia Mashirika ya Manufaa ya Umma husajili mashirika yaliyokuwa yakiitwa NGO.

Usilazimishe kila shirika kwenye sajili moja. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, kwa mfano, liliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1965.

Anwani ya tovuti pia hukupa dokezo. Inayoishia kwa go.ke ni ya serikali, nayo co.ke kwa kawaida ni ya biashara. Ukitumia programu ya akili mnemba, chukulia jibu lake kama fununu: hakikisha kila jina, mwaka na takwimu kwenye sajili kabla ya kuandika.

Toka nje ya mtandao

Baada ya kusoma, uliza. Mhamasishaji wa afya wa kijiji chenu anajua ni wangapi hutembea mbali kufuata chanjo, jambo ambalo halimo kwenye tovuti yoyote. Ukitaka kuzuru kituo, nenda na barua ya shule na umwone msimamizi kwanza. Usipige picha za wagonjwa wala kuandika majina yao. Habari za afya ya mtu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Ikiwa habari za kituo cha umma hazipatikani, Mkenya yeyote ana haki ya kuziomba kwa maandishi chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ofisi husika inapaswa kutoa uamuzi ndani ya siku 21, kwa hivyo omba mapema muhula unapoanza.

Kwa walimu na wazazi

Mwombeni mwanafunzi aandike kando ya kila habari mambo matatu: nani aliyeisema, lini, na ni wapi pengine imethibitishwa. Akishindwa kujibu hata moja, habari hiyo isiingie kwenye mradi. Na ikiwa katika uchunguzi wake atagundua kuwa kliniki au duka la dawa mtaani halionekani kwenye sajili yoyote, asiende kuwahoji wenyewe. Amwambie mzazi au mwalimu, nao wapige ripoti kwa ofisi ya afya ya kaunti ndogo.