Vipele vya Ndevu na Wembe Unaokata Mno

Mama mwenye kufua foronya za nyumba yake ndiye huwa wa kwanza kujua. Anaona vidoa vya damu, vidogo mithili ya mbegu za ufuta, upande ambao mwanawe hulalia shavu. Kijana mwenyewe hasemi. Hufunga kifungo cha juu cha shati, huinua kola, na kila asubuhi hurudisha wembe juu ya vipele vilevile, akiamini kwamba haviishi kwa sababu hajanyoa vya kutosha.

Hukumu ya kunyoa ndevu zenyewe si mada yetu leo. Hiyo ni kazi ya masheikh, na Sunna ya kuachia ndevu na kupunguza masharubu inajulikana hata kwa watoto wa madrasa. Lakini wapo walinzi, askari na wahudumu wa hoteli ambao kazi inawataka wawe na kidevu kitupu, na hata wengi wanaofuga ndevu hupitisha wembe shingoni. Kwa hiyo maneno haya yanaihusu kila nyumba yenye mwanamume.

Chanzo cha vipele hivi si uchafu, wala si damu chafu kama wasemavyo baadhi ya watu, bali ni umbo la unywele. Unywele wa kipilipili hutoka katika kishimo kilichopinda. Ukikatwa, ncha yake hubaki kali kama mkuki, nao unapoendelea kukua hujikunja na kurudi kuichoma ngozi pembeni mwa pale ulipotoka. Mwili hauutambui tena kuwa ni wake. Huupiga vita kama unavyopiga vita mwiba. Hapo hutokea uvimbe, mwasho, pengine usaha, na baadaye alama nyeusi. Ndiyo maana tatizo hili huwapata zaidi watu wa asili ya Afrika. Madaktari wa jeshi la Marekani wamelijua kwa miongo mingi, na wamekuwa wakiwaandikia askari weusi ruhusa ya kutonyoa.

Sasa mtazame yule anayevuta ngozi ya shingo kwa mkono mmoja ili wembe upite vizuri. Unywele unakatwa ukiwa umevutwa nje. Akiiachia ngozi, ncha inazama ndani, na inapoanza kukua haina haja hata ya kutoka nje kwanza, hutoboa ukuta wa kishimo chake mwenyewe. Zile nyembe za plastiki zenye makali matatu au manne hufanya hivyohivyo: makali ya kwanza huuinua unywele, yanayofuata huukata chini ya usawa wa ngozi. Matangazo husifu ulaini wa shavu. Kwa mwenye ngozi nyepesi kuudhika, ulaini huo ndio ugonjwa.

Dawa ya kwanza, basi, ni kuacha. Mwenye vipele vingi aweke wembe chini kwa wiki tatu au nne. Siku za mwanzo mwasho huenda ukazidi, na hapo wengi hukata tamaa; lakini nywele zikishafika urefu wa karibu sentimita moja, nyingi hujifyatua zenyewe kutoka katika ngozi. Unywele unaoonekana umejikunja juu ya ngozi unaweza kuinuliwa taratibu kwa ncha ya sindano mpya, safi. Auinue tu, asiung'oe, kwani uliong'olewa huota upya ndani kwa ndani.

Ngozi ikishatulia, tunaona mashine ya umeme inayoacha nywele fupi kiasi cha milimita moja ni bora kuliko wembe wowote. Shavu halitang'aa, lakini halitavuja damu. Asiye na budi kutumia wembe, anyoe baada ya kuoga maji ya uvuguvugu, kwani ndevu huhitaji dakika kadhaa za unyevu ili zilainike, na yale maji ya wudhu wa Alfajiri yaliyopita usoni kwa haraka hayatoshi. Apake povu la sabuni laini isiyo na manukato na aliache kidogo. Apitishe wembe mkali wenye makali mamoja kuelekea upande ambao ndevu huota, kwa mikato mifupi, bila kukandamiza, bila kuvuta ngozi, na bila kurudia palepale. Shingoni nywele huota pande mbalimbali: nyingine hushuka, nyingine hupanda, nyingine huenda mshazari. Aache siku mbili bila kunyoa, kisha apapase kwa vidole ajue ramani ya shingo yake mwenyewe. Akimaliza, aweke kitambaa cha maji baridi, na mafuta mepesi yasiyo na harufu.

Shabu, ambayo wazee wetu wa pwani huisugua usoni baada ya kunyoa, husaidia kuzuia damu ya mikato midogo. Lakini haiui vijidudu vya wembe uliotumiwa na mtu mwingine. Hili tunalisisitiza kwa sababu virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi, na tone lisiloonekana kwa macho linatosha kuvipitisha. Kwa kinyozi, wembe ufunguliwe mbele ya macho yako. Mamlaka za afya za Saudi Arabia huwaonya mahujaji wasichangie nyembe wanaponyoa vichwa, na nyumbani pia baba na wanawe wasitumie wembe mmoja, hata kama wanapendana vipi.

Lipo jambo linalotutia hofu kuliko wembe. Kijana akiona alama nyeusi zimebaki, hununua krimu dukani bila kuuliza, au huchota mkorogo wa dada yake. Nyingi ya krimu hizo zina steroidi kali. Wiki ya kwanza vipele hunywea na ngozi hung'aa, naye humshukuru muuzaji. Akiendelea kwa miezi, ngozi huwa nyembamba, mishipa huonekana, chunusi hufumka, na akiacha ghafla uso huwaka moto. Basi hurudia tena. Mama akikuta kichupa hicho chini ya godoro, asigombe. Aulize kwa upole kilianza kutumika lini, kisha ampeleke kwa daktari nacho mkononi.

Kisogo nacho kisisahauliwe. Wavulana wengi hutaka mstari wa nyuma uchongwe kwa wembe kila wiki, na wengine huota vipele vigumu ambavyo huungana na kuwa kovu nene lisiloota nywele. Mwambieni kinyozi aache nywele za kisogoni, asichonge. Kovu likianza kukua lisisubiriwe, maana likiwa dogo daktari wa ngozi huweza kulichoma sindano na kulipunguza, na likikatwa ovyo hurudi kubwa zaidi. Madaktari hao hupatikana katika hospitali kubwa. Kwa walio kaskazini mwa Tanzania, kipo kituo cha magonjwa ya ngozi katika hospitali ya KCMC, Moshi.