Kabla Hujabonyeza Laivu

Fungua kamera ya simu, ielekeze ukutani, usifanye kitu kingine. Kwa ubora ambao siku hizi tunauona wa kawaida, pikseli 1920 kwa 1080, kila fremu ina nukta zaidi ya milioni mbili. Kila nukta inataka biti 24 kueleza rangi yake, na fremu 30 hupita kila sekunde. Zidisha, utapata karibu biti bilioni moja na nusu kwa sekunde moja ya ukuta mtupu. Laini ya simu ya mtaani kwako, iwe Tandale au Kawangware, haiwezi kuubeba mzigo huo kwenda mtandaoni. Hata hivyo harusi za Tanga zinatazamwa Muscat zikiwa zinaendelea, na misiba ya Kisii inafuatiliwa na ndugu walioko Minnesota, kwa simu iliyofungwa kwenye stendi na kutuma biti milioni tatu tu kwa sekunde, au pungufu ya hapo.

Kwa maneno mengine, katika kila biti mia tano zilizozaliwa kwenye lenzi, simu imetupa zote ikabakiza moja. Anayetaka kuanza kurusha video mubashara aanzie kwenye hesabu hiyo. Kazi ngumu ya simu yake ni kuamua nini kitupwe, na inabidi iamue hapohapo. Picha inayovunjika vipandevipande katikati ya hotuba ya baba mzazi kwa kawaida ni uamuzi huo uliofanywa katika mazingira mabaya, na mara nyingi mazingira hayo tumeyatengeneza sisi wenyewe.

Ustadi wa kutupa una historia yake. Mwaka 1972 Nasir Ahmed, mhandisi mzaliwa wa Bangalore aliyekuwa akifundisha chuo kikuu huko Kansas, aliomba fedha kwa mfuko wa taifa wa sayansi wa Marekani ili achunguze njia ya kihisabati ya kubana picha. Akanyimwa, mmoja wa waliolipitia ombi aliona wazo ni rahisi mno. Aliendelea nalo hivyohivyo, na mwaka 1974 yeye pamoja na T. Natarajan na K. R. Rao wakachapisha njia inayojulikana kwa herufi DCT. Njia hiyo huchukua kipande kidogo cha picha na kukieleza kama mchanganyiko wa mawimbi: mapana yanayobeba umbo la jumla, na membamba yanayobeba nyuzi na chembechembe. Jicho la binadamu haliyajali sana yale membamba, basi hayo ndiyo hutupwa kwanza. Picha za JPEG zinatembea juu ya wazo hilo, na vilevile video za H.264, kiwango cha mwaka 2003 ambacho mpaka leo kinabeba sehemu kubwa ya matangazo ya mubashara. Tena, kwa kuwa jicho hutambua mwanga vizuri kuliko rangi, taarifa za rangi hupunguzwa hadi robo kabla ya yote. Sijawahi kusikia mtazamaji aliyelalamikia hilo.

Lakini akiba kubwa zaidi inapatikana kati ya fremu na fremu. Mfikirie shangazi anayemsimulia ndugu wa mbali, kwa simu, yanayojiri ukumbini. Mwanzoni anaeleza kila kitu: meza kuu iko wapi, mapambo ni ya rangi gani, nani kakaa na nani. Baada ya hapo hayagusi tena mapambo. Anasema “bibi harusi kasimama,” “MC kasogea kulia,” na msikilizaji anajaza mengine mwenyewe. Enkoda, yaani kitengo cha simu kinachobana video, hufanya hivyo. Hutuma fremu moja kamili, kisha kwa muda hutuma mabadiliko peke yake: kipande hiki kimehamia pale, kile kimebaki kilivyo. YouTube hushauri fremu kamili irudiwe kila sekunde mbili, na isizidi nne. Anayejiunga katikati hana cha kuona mpaka aikute fremu kamili, na data zikipotea njiani, kosa lake huburuzwa hadi fremu kamili inayofuata. Zile nyuso zinazoyeyuka kwa sekunde moja kisha zikakaa sawa ghafla, chanzo chake mara nyingi ni hicho.

Ukishaelewa hivyo, unaanza kuuona ukumbi kwa macho ya enkoda. Inapenda kitu kinachofanana na kilivyokuwa sekunde iliyopita. Inachukia majani ya mti yanayopepea nyuma ya msemaji, mvua, karatasi za kung’aa zinazorushwa maharusi wanapoingia, na mkono unaotetemeka, maana simu ikitikisika basi kila pikseli imehama. Kuliko vyote inachukia taa za DJ zinazowaka na kuzima: picha nzima hubadilika kwa mpigo, na yote iliyokuwa imeyakariri hayana maana tena. Bajeti ya biti haiongezeki kwa sababu ya sherehe. Inagawanywa kwa mabadiliko mengi zaidi, na kila badiliko linaambulia kidogo.

Giza nalo lina hila yake, na hapa ndipo wengi hupoteza fedha. Kihisi cha kamera hukusanya chembe za mwanga. Zikiwa chache, idadi inayoangukia kila pikseli hutofautiana kibahatinasibu, na simu ikikuza ishara hiyo hafifu ili picha ionekane, inakuza na vurugu zake. Matokeo ni zile chembe zinazochemka kwenye picha za usiku. Jicho lako linajua ni uchafu. Enkoda haijui, kila fremu ina chembe mpya mahali papya, nayo inazihesabu kama habari inayopaswa kutumwa Muscat. Biti zinaishia kwenye uchafu, uso wa bwana harusi unabaki miraba. Mtu akiona hivyo huenda dukani kununua kamera ya bei kubwa, wakati taa mbili zenye mwanga mweupe zikielekezwa meza kuu zingemaliza tatizo. Mchana, dirisha linatosha: msemaji alitazame, wewe ulipe mgongo. Ningekuwa na fedha ya kununua kitu kimoja tu, kingekuwa stendi. Cha pili taa. Kamera ningeiacha dukani mwaka mzima.

Kisha kuna njia ya kutokea. Tumezoea kupima intaneti kwa kasi ya kupakua, kwa kuwa maisha yetu mengi mtandaoni ni ya kupokea. Anayerusha anategemea kasi ya kupakia, na hiyo kwenye mitandao ya simu ni ndogo zaidi kwa sababu ya kifizikia kabisa. Mnara hurusha mawimbi kwa nguvu ya makumi ya wati. Simu ya 4G, ili isimalize betri na ibaki salama karibu na mwili, kwa kawaida haivuki wati 0.2. Mnara unapiga kelele, simu inanong’ona. Weka juu yake bati la paa, ambalo hurudisha mawimbi, na wageni mia nne ambao kila mmoja anapandisha video yake kwenye Status, wote wakigombea mnara mmoja. Ndiyo maana jaribio la Jumatano asubuhi katika ukumbi mtupu halikuambii kitu kuhusu Jumamosi saa tatu usiku. Pima kasi ya kupakia ukumbi ukiwa umejaa, kwenye sherehe ya watu wengine ikibidi, kisha panga kutumia nusu yake. Ikisoma megabiti tano, rusha kwa mbili na nusu, ubora wa 720. Kwa kiwango hicho saa moja hula kama gigabaiti moja na kidogo, kwa hiyo bando la sherehe ya saa nne lihesabiwe mapema.

Sauti inataka biti kidogo mno, kilobiti 128 kwa sekunde zinatosha, na bado ndiyo inayowafukuza watazamaji. Picha ya ukungu watu huivumilia. Hotuba inayosikika kama imetoka ndani ya pipa hawaivumilii. Nguvu ya sauti hupungua kwa mraba wa umbali: maiki iliyo sentimita 20 kutoka mdomoni hupokea nguvu mara mia kuliko iliyo mita mbili, ilhali mwangwi wa ukumbi unabaki karibu uleule pote. Kwa hiyo kadiri unavyosogea mbali, unabaki na mwangwi. Maiki ndogo ya kubana kwenye kola inafaa kwa mtu mmoja. Penye MC na vipaza sauti, ongea na fundi mitambo mapema akupe waya kutoka kwenye mikisa yake.

Wapo wanaoshangaa kwamba mubashara yenyewe haiko mubashara. Mpira wa Simba na Yanga ukichezwa, anayesikiliza redio hupiga kelele za goli wakati anayetazama kwenye simu bado anaona mpira katikati ya uwanja. Kuchelewa huko kumenunuliwa makusudi. Mwanzoni ilijaribiwa njia nyingine: Juni 1993 bendi ya wahandisi iliyojiita Severe Tire Damage ilirusha onyesho lake kutoka maabara ya Xerox, California, kwa mfumo wa Mbone, uliokusudiwa kubeba nakala moja ya tangazo na kuigawanya karibu na wapokeaji. Mfumo ule haukuenea kwenye intaneti ya umma. Kilichoenea ni kitu cha kishamba zaidi. Mwaka 2009 Apple ilitoa HLS, ambayo hukata video kuwa mafaili mafupi na kuyatoa kama kurasa za kawaida za wavuti. Mwanzoni kila faili lilikuwa la sekunde 10, na simu ya mtazamaji ilisubiri matatu hivi kabla ya kuanza, ndiyo nusu dakika ya kuchelewa. Faida yake ni kwamba faili likiwa ni faili tu, seva yoyote njiani inaweza kulihifadhi na kuligawa, tena katika ubora tofauti ili mwenye mtandao dhaifu apate 240 na mwenye faiba apate 1080. Ukubwa wa hadhira inayowezekana mtandaoni ulionekana Oktoba 2012: mrukaji wa parachuti Felix Baumgartner aliporuka kutoka juu sana angani, watu zaidi ya milioni nane walimtazama kwa wakati mmoja kupitia YouTube.

Leo kuchelewa kunaweza kushushwa hadi sekunde chache, na YouTube hukuruhusu kuchagua. Kwa harusi au ibada chagua kuchelewa kwa kawaida. Akiba ya sekunde kadhaa huziba mtandao unaposita. Kuchelewa kidogo kunawafaa wanaojibizana na watazamaji, kama mwalimu au muuza nguo. Usishangae tu ukiuliza swali na majibu yakaja umeshahamia jambo lingine.

Mambo ya kiutawala ni mafupi ila yanauma. YouTube hutaka uwe na wafuatiliaji 50 ndipo urushe kwa simu, na kuwezeshwa kwa mara ya kwanza kunaweza kuchukua saa 24. Anayefungua akaunti asubuhi ya harusi amechelewa. Kwa kompyuta ipo OBS Studio, programu ya bure. Muziki wa DJ ni mtego: mifumo inayotambua nyimbo zenye hakimiliki inaweza kukata tangazo lako wakati wa kufungua muziki, hivyo weka kamera zaidi kwenye hotuba kuliko dansi. Na waambie wageni kwamba wanarushwa. Kiungo kisichoorodheshwa, kisichoonekana kwenye utafutaji ila hufunguliwa na yeyote aliyekipata, kinatosha kwa familia nyingi, na kisiposambazwa ovyo kinawapunguzia watoto macho ya wasiowajua.

Yapo pia yasiyo mikononi mwako. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika baharini na intaneti ya Afrika Mashariki ikadorora. Hakuna taa wala stendi ambayo ingesaidia siku ile. Kwa sababu hiyo simu ya pili irekodi yote kwenye kadi yake, bila mtandao, kwa ubora wa juu kabisa. Enkoda ya mubashara ina sehemu ya thelathini ya sekunde kuamua kila fremu na haijui kinachofuata. Video iliyorekodiwa inaweza kubanwa taratibu, programu ikitazama mbele na nyuma kabla ya kugawa biti, ikizihifadhi kwenye hotuba tulivu na kuzimwaga pale karatasi zinapopeperuka. Faili hilo ukilipandisha kesho yake, ndugu wa Muscat ataona hata nakshi za hina ambazo usiku wa jana zilikuwa doa la kahawia.