Kwa Nini Dawa ya Saratani ya Tezi Dume Hufikia Kikomo

Mgonjwa wa saratani ya tezi dume aliyepata nafuu kwa dripu za dawa anaweza, baada ya miezi kadhaa, kuona maumivu ya mifupa yakirejea. Nyumbani huzuka maneno: dawa ilikuwa bandia, mgonjwa amekiuka masharti, au kuna mkono wa mtu. Wananchi wanapaswa kufahamu kuwa hali hiyo huitwa usugu wa saratani kwa dawa, na chanzo chake kimo ndani ya seli za saratani zenyewe.

Tezi dume iko chini ya kibofu cha mkojo, na saratani yake hustawi kwa kutegemea homoni ya kiume, testosteroni. Kwa sababu hiyo, matibabu ya ugonjwa uliosambaa huanza kwa kushusha homoni hiyo kwa sindano au kwa upasuaji wa korodani. Dawa ya dosetakseli huongezwa mapema kwa baadhi ya wagonjwa. Kwa wengine hutolewa pale saratani inapoendelea kukua ingawa homoni imeshuka. Kwa kawaida dripu hutolewa kila baada ya wiki 3. Tafiti mbili kubwa zilizochapishwa mwaka 2004 zilithibitisha kuwa dawa hiyo hurefusha maisha.

Kila seli ina nyuzi nyembamba mno zinazojengwa na kubomolewa inapogawanyika. Dosetakseli huzishikilia nyuzi hizo zisibomoke, hivyo seli hukwama na kufa. Hata hivyo, seli za uvimbe mmoja hazifanani. Baadhi zina pampu nyingi kwenye ukuta wake zinazotoa dawa nje kabla haijafanya kazi. Nyingine hubadili muundo wa nyuzi, dawa ikakosa pa kushika. Zipo zinazozima amri ya ndani inayoiagiza seli iliyoharibika ijiue, na zipo zinazogeuka aina nyingine isiyotegemea tena homoni.

Mkulima anaielewa hali hii. Akipuliza kiuatilifu kilekile kwa muda mrefu, wadudu wachache waliostahimili huzaliana, na hatimaye shamba lote huwa na kizazi kisichosikia dawa. Ndivyo inavyokuwa mwilini.

Usugu hauna maana kwamba hakuna la kufanya. Dawa ya kabazitakseli, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2010, haitolewi nje kwa urahisi na pampu hizo, na huweza kuwasaidia baadhi ya wagonjwa ambao dosetakseli imeshindwa. Mionzi hupunguza maumivu ya mifupa, na morfini ya kunywa huyatuliza.

Familia zinashauriwa kutomwachisha mgonjwa kliniki, na kumweleza daktari kuhusu dawa zozote za asili anazotumia. Miguu ikilegea ghafla, mkojo ukiziba, au homa ikipanda katika kipindi cha dripu, mgonjwa afikishwe hospitali siku hiyohiyo.

Wanaume wenye umri wa miaka 50 na kuendelea, au 45 iwapo baba au ndugu wa kiume aliwahi kuugua, waulize kuhusu uchunguzi katika zahanati au kituo cha afya cha karibu, ambako watapewa maelekezo na rufaa inapohitajika. Kipimo cha damu cha PSA ni sehemu ya uchunguzi huo. Saratani inayogunduliwa ikiwa bado ndani ya tezi huweza kutibiwa ikapona, kabla mgonjwa hajafikia hatua ya kuhitaji dripu hizo.