Baiskeli Isiyotoka Sebuleni

Karibu mwaka 1900, Wamarekani walilipa kiingilio kwenye kumbi za maonyesho kuwatazama wanaume wawili wakishindana kwa baiskeli ambazo hazikusogea hata hatua moja. Mmoja alikuwa Major Taylor, Mmarekani mweusi aliyetwaa ubingwa wa dunia wa mbio fupi mjini Montreal mwaka 1899. Mpinzani wake, Charles Murphy, mwaka huohuo alikuwa ameendesha maili moja kwa chini ya dakika moja nyuma ya treni. Jukwaani, wote wawili walipanda rola.

Rola hazijabadilika sana tangu hapo. Ni silinda tatu ndani ya fremu: mbili hubeba gurudumu la nyuma, moja la mbele, na mkanda huziunganisha ili magurudumu yote yazunguke pamoja. Hakuna kinachoishika baiskeli. Anayeyumba hutoka nje. Ndiyo maana rola humfaa yule ambaye tayari ana pumzi lakini mwendo wake umejaa mikiki: zinamlazimisha kuzungusha miguu kwa ulaini na kutulia mabegani.

Stendi ya mazoezi ina kazi nyingine. Hubana ekseli ya nyuma, hivyo mtu hukanyaga kwa nguvu zake zote bila hofu ya kuanguka. Zile za bei nafuu hukandamiza silinda ndogo kwenye tairi, na ukinzani hutoka kwenye feni, sumaku au mafuta mazito. Ya feni ina kelele nyingi mno. Ya mafuta hukaza kadiri kasi inavyopanda, karibu sawa na upepo wa barabarani, na kwa anayeanza hiyo ndiyo ya kununua, hata iliyotumika. Tairi la kawaida huliwa upesi hapo. Yapo magumu yaliyotengenezwa kwa kazi hii. Stendi za ghali huchukua nafasi ya gurudumu lote la nyuma, na mnyororo hukaa kwenye gia za mashine yenyewe. Ni tulivu, na programu huongeza ukinzani mlima unapoanza kwenye skrini. Kabla ya kulipa, ekseli ikaguliwe: baiskeli nyingi mpya zina ekseli nene inayopenya fremu, nayo huhitaji adapta.

Wanaoidharau stendi wamkumbuke mwendesha baiskeli Mathew Hayman wa Australia. Februari 2016 alivunjika mkono kwenye mbio za Omloop Het Nieuwsblad, Ubelgiji. Alijifua nyumbani juu ya stendi akisubiri mfupa uunge, na tarehe 10 Aprili akashinda mbio za Paris–Roubaix, akimbwaga bingwa Tom Boonen aliyekuwa akisaka ushindi wake wa tano. Desemba 2020 mashindano ya kwanza ya dunia ya baiskeli za mtandaoni yalifanyika, kila mshindani akiwa kwake juu ya stendi. Taji la wanawake lilikwenda Afrika, kwa Ashleigh Moolman-Pasio wa Afrika Kusini.

Kwa Mswahili anayeishi London, ambako jua la Desemba huzama kabla ya saa kumi jioni, nyumba ndiyo huamua mengi. Anayekaa ghorofani atandike mkeka mzito wa mpira, kwa sababu mtetemo hushuka hadi kwa jirani wa chini. Anayeishi Ujerumani aangalie na saa pia, kwani huko utulivu wa usiku huanza saa nne.

Feni ya kupepea si anasa. Takriban robo tu ya nishati inayochomwa mwilini hufika kwenye pedali. Anayetoa wati 200 humwaga chumbani wati 600 au zaidi za joto, na hakuna upepo wa kumpoza. Taulo liwe juu ya usukani, kwani chumvi ya jasho hula boliti.

Anayejaribu rola kwa mara ya kwanza aziweke katikati ya mlango, miimo ikiwa karibu na viwiko vyake. Aanze na gia ya kati, mkono mmoja ukigusa mwimo, na asiuachie mpaka magurudumu yashike kasi, kwa kuwa baiskeli huyumba zaidi inapokwenda polepole.