Kwa nini rafu ya plastiki na mkonge hupinda taratibu?

Umewahi kukaza kamba ya nailoni ya kuanikia nguo, halafu baada ya wiki chache ukakuta mashuka yanaburuza chini? Hakuna aliyeilegeza. Ni uzito wa nguo tu, siku baada ya siku. Wahandisi huita tabia hii kripu: mzigo ni uleule, lakini kitu kinaendelea kurefuka au kupinda.

Sasa chukua ubao wa polipropilini, ile plastiki ya ndoo na viti, uliochanganywa na nyuzi za mkonge. Ukiupima maabara kwa dakika chache utafurahi, maana ni mgumu kuliko plastiki tupu. Ila ukiutumia kama rafu ya vitabu, jiulize utakuwa umepinda kiasi gani mwakani.

Ndani ya plastiki kuna minyororo mirefu ya molekuli, imesokotana kama tambi kwenye sahani. Mzigo ukikaa, minyororo huteleza kidogokidogo. Joto huirahisishia kazi: sehemu ya polipropilini isiyo na fuwele huanza kulainika karibu na nyuzijoto 0 za Selsiasi (nyuzijoto, si nyuzi za mkonge!). Kwa hiyo Tanga, penye nyuzijoto 30, tayari imelainika.

Nyuzi za mkonge huzuia huo mtelezo, kwa kuwa hazivutiki kirahisi. Tatizo ni kwamba mkonge ni mmea. Theluthi mbili hivi ya uzi ni selulosi, lakini ndani yake kuna pia hemiselulosi, ambayo hupenda maji sana. Unyevu ukiingia, uzi huvimba na kulainika. Plastiki yenyewe haitaki maji, hivyo wawili hawa hawashikani vizuri tangu mwanzo. Wakiachana, mzigo unarudi kwa plastiki. Ndiyo maana nyuzi huoshwa kwanza kwa kostiki soda, au huongezwa kemikali inayoshika pande zote mbili.

Na nani atasubiri miaka kumi apate jibu? Watafiti hupima vipande kwenye joto la juu, mtelezo unakwenda haraka, kisha wanakadiria miaka ijayo. Njia nzuri, lakini hapa ina mtego: ndani ya oveni kavu mkonge hukauka, wakati rafu yako itakaa kwenye chumba chenye unyevu wa pwani. Binafsi ningemwamini zaidi aliyetundika mzigo kwenye banda lenye unyevu, akapima kila wiki kwa miezi sita.